Majina Hayaitwi Kwenye Spika

Mwalimu mstaafu alitaka kijitabu chetu cha mwongozo wa tamasha kianze na historia ya muziki tangu enzi za wafalme wa Buha. Mimi nikamwambia kianze na choo. Tulibishana asubuhi nzima ndani ya stoo ya duka pale Kasulu mjini, tumekalia magunia ya chumvi, na mpaka leo sijabadili msimamo. Mtu aliyeshikwa na tumbo katikati ya umati hana haja na historia.

Mimi si mtu wa vitabu. Niliacha shule darasa la tatu kwa sababu baba alihitaji mikono shambani. Nilisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka kando ya ziwa mpaka Kibondo, milima yote ile. Nikanunua redio, nikaiuza nikanunua amplifaya iliyokufa, nikaifufua kwa kuichokonoa mwenyewe. Miaka ya tisini ilinikuta nina honi mbili za kutundika mtini, maiki yenye waya mrefu, na jenereta. Harusi, mkutano wa injili, mkutano wa chama, kati ya Kasulu na Kibondo mimi ndiye niliyekuwa sauti. Hakuna aliyenishika mkono. Nimelisema hilo mara moja, inatosha.

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Mwalimu alikuwa katibu. Alhaji, mwenye duka, mtu ambaye baba yake alikuja bara kutoka pwani akabaki, alitoa stoo, karatasi na mashine yake ya kudurufu. Mimi nilikuwa mtu wa spika. Wa nne alikuwa mama mmoja wa Burundi, kiongozi wa kwaya katika kambi ya Mtabila, aliyekuja kwenye vikao kwa kibali kilichokunjwa mpaka kimepasuka kwenye mikunjo.

Siku ya kwanza alituambia wazi kilichomleta. Alisema, "Sikuja kwa ajili ya ngoma. Namtafuta mwanangu. Nimesikia watu watakuwa wengi."

Walikuwa wamepotezana mtoni, mpakani, watu wanasukumana majini na bunduki zinalia nyuma. Binti alikuwa ndiyo kwanza anaota meno ya mbele ya ukubwani. Hilo lilikuwa limepita miaka kadhaa. Mama alikwisha kumtafuta kambi yote, blanketi kwa blanketi. Kisha akasikia kwamba watoto wengine waliokotwa vijijini huko Kibondo wakachukuliwa majumbani, wakawa watoto wa watu, hawaandikwi popote. Yeye kwenda Kibondo kijiji kwa kijiji hakuruhusiwa. Kwa hiyo alitaka Kibondo imfuate Kasulu. Tamasha lilikuwa ndiyo hiyo nafasi: kwaya za makanisa, ngoma za vijiji na ngoma za kambini, siku mbili kwenye uwanja wa mpira, na malori ya kuleta watu kutoka Buhigwe mpaka Busunzu.

Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kwenda kwenye tamasha. Watu wetu walijua mikusanyiko ya aina tatu. Harusini unakwenda na zawadi, msibani unakwenda na kuni, na mkutano wa serikali unakwenda kwa sababu umeambiwa uende. Nilipopita Buhigwe kutangaza, mzee mmoja alivua kofia akaniuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

"Hakuna aliyefariki, mzee wangu. Ni nyimbo tu."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

"Basi ni mtu mkubwa," akasema, akaondoka kwenda kutafuta kuni.

Ndiyo maana tuliandika mwongozo. Nilitaka uwe mfupi, usomwe kwa sauti kanisani na msikitini, maana wengi hawakujua kusoma, na wanaojua hawapendi kuonyesha. Choo kiko upande wa mikaratusi, wanawake kushoto. Maji ya kunywa yako kwenye mapipa yenye kifuniko, usichote kwa kikombe chako. Njoo na blanketi, upepo wa Kasulu haumjui mgeni. Usiingie kucheza katikati ya kwaya ya wenzako hata kama roho imekupanda. Pombe ya ndizi ibaki nyumbani. Hapo Alhaji aliitikia kwa furaha, na Mwalimu akaandika polepole kuliko kawaida yake.

Tukafika kwenye watu watakaopoteana. Mimi nikasema hili ni jepesi, ndiyo kazi yangu. Mtu akipotea, aliyempoteza anakuja kwenye spika, anataja jina, jina la baba na mahali anapotoka, mimi natangaza. Nimewapata hivyo walevi, wake za watu, hata ng'ombe. Mwalimu akaandika.

Yule mama akasema, "Andikeni tu. Lakini sisi hatutakuja kwenye hiyo spika."

"Kwa nini?"

Akatazama mikono yake. "Andikeni tu, mutama," akasema. Mutama kwao ni mzee anayeheshimiwa, na alilitamka kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Nilikasirika. Mtu anatafuta mwanawe, mimi nampa honi mbili zinazosikika mpaka kwenye tanuri za matofali, halafu ananiambia hatakuja. Nilidhani ni maringo.

Jibu nililipata siku ya mazoezi. Tuliwapelekea kwaya za kambini spika ili wazoee, maana mtu asiyezoea maiki huipigia kelele kama kiziwi. Walikuwa wamejipanga, wapiga ngoma wamezitega ngoma zao kubwa kwa nusu duara, watoto wamekaa mbele. Nikaokota chini kadi ya posho ya mtu. Kadi ya posho kule ni chakula, asiye nayo halali na kitu tumboni. Nikaona nimfanyie mtu wema. Nikashika maiki nikasoma jina lake, jina la baba yake, na kilima alichotoka huko kwao, nikamalizia, "Aje hapa mbele mara moja."

Ngoma zikanyamaza. Si kwamba walimaliza. Fimbo zilibaki hewani. Kisha watu wakaanza kuondoka. Hawakukimbia. Mama anamwinua mtoto, anamweka mgongoni, anageuka. Wanaume wakaziacha ngoma pale pale, na watu wale ngoma hawaiachi chini kama ndoo. Baada ya muda mfupi nilibaki mimi na jenereta inanguruma uwanjani. Mwenye kadi hakuja. Alikuwa tayari kulala njaa na familia yake kuliko kuja niliposimama.

Kikao kilichofuata nilimtupia yule mama ile kadi mapajani. "Mpelekee mwenyewe. Na unieleze."

Akaeleza, na alieleza mara moja tu.

"Kwetu lilipita gari lenye spika kama yako. Lilisoma majina. Likasema hao waje ofisini kutia sahihi, kazi ndogo, watarudi mchana. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu. Akamaliza kunyoa vizuri, akavaa viatu, kwa sababu hakutaka kwenda ofisini ovyo ovyo. Basi."

"Basi nini?" Mwalimu akauliza.

"Basi, Mwalimu."

Alhaji alishuka kwenye gunia lake akaenda mbele dukani, akawa anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Mwalimu akachukua kalamu, akaufuta ule mstari wa majina mpaka karatasi ikatoboka.

"Sasa tutawaitaje?" nikasema. Sikujua namna ya kusema pole, nikauliza kazi. "Maana watoto watapotea, mama. Hilo halizuiliki. Tutawaitaje?"

Mama akaiweka ile kadi ndani ya kibali chake. "Kila mtoto kwetu ana wimbo wake wa kubembelezwa. Mama anautunga mwenyewe, anamtungia huyo tu. Wa mkubwa haupewi mdogo. Mtoto anaweza kusahau sura yangu. Wimbo hausahau."

Hata sisi Waha tunayo mambo hayo. Mama yangu alinitungia wimbo wa kukitukana kichwa changu kwa ukubwa wake, na nikiusikia leo nitageuka. Nikaona hapo pana akili.

"Na mtu mzima akipotea?" Alhaji akauliza kutoka dukani.

"Naye ana mtu anayemwimbia," mama akasema.

"Mimi hakuna."

Nikamwambia, "Wewe Alhaji tutaimba bei ya sukari imepanda. Utakuja unakimbia umeshika kanzu."

Yule mama akacheka. Mimi nilikuwa sijaona meno yake kabla ya hapo. Akaziba mdomo haraka kama mtu aliyemwaga kitu.

Ndivyo ukurasa wa pili wa mwongozo ulivyoandikwa, na maneno ni yangu, Mwalimu aliweka mikato tu: *Ukipotelewa na mtu, usitaje jina lake. Njoo kwa mwenye spika, imba wimbo anaoujua. Ukisikia wimbo unaoujua, nenda kwenye kitambaa cheupe. Hakuna atakayekuuliza jina.* Kitambaa kilitoka dukani kwa Alhaji. Kilikuwa marekani ile inayouzwa kwa sanda. Mwalimu alinong'ona kwamba si vizuri. Lakini nyeupe nyingine haikuwepo, na nyeupe inaonekana mbali. Tukaitundika.

Watu walikuja. Nimewahi kuona watu wengi kwenye mikutano ya kulazimishwa, lakini hawa walikuja wenyewe. Wengine walikuja na mizigo ya kuni kichwani, kama nilivyotegemea, tukazipeleka kwenye vyungu vya chai. Wengine walikuja na majembe begani, tayari kuchimba kaburi kama itabidi. Ngoma za kambini zilipoanza, kifua kilitikisika kabla sikio halijasikia. Nilizima spika zangu. Sijawahi kuzima spika zangu kwa ajili ya mtu, lakini zile ngoma hazikuwa na haja nami.

Ukurasa wa pili ulianza kufanya kazi siku ile ile. Bibi mmoja wa Buhigwe alipotelewa na mumewe. Alishika maiki, akaimba kwa Kiha kuhusu mwanamume anayekoroma mpaka kuku wanashuka kwenye dari. Uwanja ulianguka kwa vicheko. Mzee akatokea upande wa mikaratusi anafunga mkanda, anamtukana mkewe njia nzima. Baada ya hapo watu walielewa. Mtoto akilia peke yake, mama anakuja, anaimba, mtoto anapelekwa kitambaani. Sikusikia jina hata moja. Watu wa kambini walikuwa wa mwisho kuja kwenye maiki, lakini walikuja.

Yule mama alingoja siku ya pili, malori ya Kibondo yalipokwisha kufika yote. Kwaya yake ilikuwa imeimba na kushuka. Alikuja amevaa sare ya kwaya, blauzi ya bluu, akasimama mbali kidogo na maiki kama nilivyomfundisha.

"Nikitetemeka utaizima?" akaniuliza.

"Ukitetemeka watasikia unatetemeka. Imba."

Akaimba. Sauti haikuwa ile ya kwaya. Ilikuwa ya chini, ya jikoni. Maneno nayaweka kwa Kiswahili: kuna mtu amemwaga uji akamsingizia paka, na paka hatuna, kuna kisigino kimeungua majivuni kwa sababu hakisikii, lala, ng'ombe wa babu wamesimama, wamegoma kulala kabla yako. Aliuimba mara moja, akanyamaza, akauimba tena. Uwanja mzima ulikuwa kimya, hata wale wasiojua lugha. Kila mtu alikwisha kujua anamwita nani, habari za mama anayetafuta mtoto zilikuwa zimezunguka tangu jana.

Upande wa watu wa Busunzu msichana akasimama.

Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa, gauni kubwa kuliko yeye. Alianza kuja kwenye kitambaa cheupe, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, na midomo yake ilikuwa inaimba pamoja na honi. Wanawake wakamwona. Vigelegele vikaanza huko nyuma, vikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Watu wakasimama wameegemea majembe yao, wengine wanalia tayari. Mama alikuwa bado ameshika maiki kifuani. Msichana akafika chini ya kitambaa, akasimama, bado anaimba pale kwenye kisigino, akatazama juu.

Mama akasema, na maiki ilikuwa wazi, uwanja wote ukasikia: "Si huyu."

Niliuvuta waya ukachomoka. Nilichelewa. Vigelegele vya mbele vilikatika, vya nyuma viliendelea kidogo kwa sababu huko hawakuelewa, na sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Yaliyofuata yalisemwa chini ya kitambaa, tukiwa mama, msichana, mimi, na mwanamke wa Busunzu aliyekuja mbio nyuma ya msichana na kulishika gauni lake kwa mgongoni.

"Huo wimbo umeupata wapi?" mama aliuliza.

"Ni wa mwenzangu."

"Mwenzako yuko wapi?"

Msichana akatazama chini. Walikutana porini upande huu wa mto, alisema, watoto wawili wasiokuwa na mtu. Walilala pamoja, wakala mihogo mibichi ya mashamba ya watu. Mwenzake alikuwa na kovu kisiginoni. Kila walipolala aliimba. Kisha akashikwa na kuharisha kwenye bonde lenye matete.

"Nilimfunika majani," msichana akasema. "Nikaweka mawe juu ya majani. Mawe madogo, makubwa sikuyaweza."

Mama hakulia. "Aliimba mpaka mwisho?"

"Alitaka niimbe mimi. Nikiimba alisema naharibu."

"Unaharibu kweli," mama akasema. "Pale kwenye kisigino unapandisha sauti. Si mahali pa kupandisha."

Nikamtazama yule mtoto, nikaona anavyotafuta mahali pa kuweka mikono yake. Nikamwuliza mimi, maana hakuna mwingine ambaye angeuliza: "Ulijua si wimbo wako. Mbona ulikuja?"

"Tulisomewa kanisani. Ukisikia wimbo unaoujua, nenda kwenye kitambaa." Akajifuta pua. "Wangu siujui. Naujua huo tu."

Mwanamke wa Busunzu akapata sauti. "Anakula kwangu huyu, analala kwangu. Sijamwiba mtoto wa mtu. Tulimkuta amelala kwenye shamba letu kama panya, tukamchukua. Mnataka nini?"

"Hakuna anayekudai, mama," nikamwambia.

"Basi niacheni niende naye. Lori litatuacha."

Yule mama wa kambini akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa msichana. Nilidhani atamkumbatia. Watu wengi walidhani hivyo, walikuwa wamesogea. Akamwambia, "Usiuimbe tena." Akasimama, akaenda kukaa na kwaya yake, mgongo umenyooka, akakaa hivyo mpaka tamasha lilipokwisha. Msichana alipanda lori la Busunzu. Mwanamke yule alikuwa bado ameshika gauni.

Mwaka uliofuata tukakutana tena stoo kuandaa mwongozo mpya. Nilidhani yule mama hatakuja. Alikuja, amekonda, na alikuwa na neno moja tu.

"Ukurasa wa pili. Ongezeni: mtu asije kwa wimbo usio wake."

Mwalimu alikwisha kuinua kalamu. Nikaweka kiganja juu ya karatasi.

"Sitaandika hilo."

"Mutama, wewe hukusimama pale nilipokuwa nimesimama."

"Nilisimama karibu nawe kuliko mtu yeyote, na waya nilichomoa mimi. Asingekuja yule mtoto, mpaka leo ungekuwa unamtafuta aliyelala bondeni. Tena ungezeeka unamtafuta. Yeye ndiye aliyemwekea mwanao mawe."

"Mwambie taratibu," Alhaji akasema.

"Sijui taratibu. Kuna watoto ambao wimbo wao ulikufa na aliyeutunga. Hao nikiwaandikia wasije, waende wapi?"

Alinitazama kwa chuki, nami nikaipokea, sikutazama pembeni. Akakunja kibali chake, akatoka. Hakuja kwenye kikao kingine. Ukurasa wa pili tuliudurufu kama ulivyokuwa.

Tamasha la pili lilikuwa dogo. Vibali vya kambini vilitoka kwa shida, kwaya nyingi hazikuja, na ngoma kubwa hazikuja kabisa. Upepo ulikuwa mkali, unazungusha vumbi jekundu na kupeperusha sauti huku na huku. Siku ya pili, mchana, nilimwona yule mama amesimama kwenye mstari wa watu wanaongoja maiki, nyuma ya mzee aliyepotelewa na mjukuu. Hakuwa na sare. Zamu yake ilipofika nilimpa maiki.

Akaimba wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Ulikuwa mpya, bado una makali ya kitu kipya. Ulisema: kuna mtoto anaimba vibaya, anapandisha sauti mahali pa kushusha, alibeba mawe madogo, makubwa sikumsaidia, mtoto anayeimba vibaya, lala, ng'ombe wamesimama, leo wanakungoja wewe.

Aliuimba akaurudia. Kisha akaenda kusimama chini ya kitambaa.

Hakuna aliyekuja. Nilitazama upande wa watu wa Busunzu. Lori lao lilikuwa limefika, na msichana hakuwemo. Lakini mwanamke aliyemlea alikuwemo. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, khanga imevutwa mpaka kwenye paji la uso, na alikuwa akinitazama mimi, si mama aliyesimama kitambaani. Alielewa wimbo ni wa nani. Kiha na Kirundi havihitaji mkalimani.

Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Jina la mwanamke huyo nilikuwa nimelijua, kijiji chake nilikijua. Ningelitaja mara moja tu na uwanja wote ungegeuka. Nikazima swichi, nikashuka, nikaenda kwa miguu mpaka alipokaa.

"Yuko wapi?"

"Shamba. Ni kipindi cha palizi."

"Umemwacha makusudi."

"Nimemwacha makusudi," akasema. "Wewe una watoto, baba? Mimi Mungu hakunipa. Nikimleta hapa, huyu atamchukua. Na akimchukua atampeleka wapi? Kwenye turubai?"

Niligeuka nyuma. Mama alikuwa bado chini ya kitambaa, watu wanapita pembeni yake kwenda kunywa chai.

"Basi usimlete mtoto," nikamwambia. "Mpelekee wimbo. Ni wake."

Akavuta khanga. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba upepo ulichukua maneno ya mwisho, hakuyasikia vizuri.

Mimi siimbi. Ninatundika honi ili wengine waimbe. Lakini nilichuchumaa pale kwenye vumbi, mbele ya watu wa Busunzu waliokuwa wanacheka wakidhani nimelewa, nikamwimbia yale maneno ya mwisho, vibaya, na nilipofika mahali pa kushusha sauti nikapandisha. Akanifanya nirudie. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda lori mapema kuliko wenzake.

Kama aliyafikisha Busunzu, sijui. Baada ya pale kibali cha tamasha hakikutoka tena, na watu wa kambini hawakuruhusiwa hata kufika mjini. Lakini jioni ile ya tamasha la pili, nilipokuwa nakunja waya, mama alikuja akaishusha sanda ya Alhaji kutoka mtini, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akanikabidhi.

"Alikuwepo?" akauliza.

"Hakuwepo. Mlezi wake alikuwepo. Amesikia."

"Yote?"

"Yote," nikamwambia, na akaenda kutafuta lori lake.